Barua kwa Zuhura: Siku Yetu Vuria na Iyale

Majengo, Mombasa
7 Januari

Kwa mwenzangu mpendwa Zuhura,

Assalamu alaikum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, shemeji na watoto, huko Lushoto ambako baridi, kwa jinsi ninavyoikumbuka, haina simile. Sisi huku kaskazi imeshika. Usiku tunalala na madirisha wazi na bado mito inalowa jasho. Joto hilo ndilo lililotutoa mjini Alhamisi iliyopita, nami nimeona nikuandikie mapema, kwa kuwa wewe ndiwe uliyeniambia miaka yote kwamba nina milima yangu karibu na sijawahi kuikanyaga.

Tulikwenda Taita. Tulikuwa watu 13 ndani ya matatu ya kukodi: mimi na mume wangu, watoto wetu watatu, mama mkwe wangu, mawifi wawili, na jirani yetu Bi Mwanaidi pamoja na wanawe wanne. Tuliondoka saa tisa na nusu za usiku, tukaswali Alfajiri katika msikiti wa Mackinnon Road, ule wenye kaburi la Sayyid Baghali kando ya reli, na jua lilipochomoza tulikuwa tumebakisha mwendo mfupi kufika Voi. Hapo tukaiacha barabara ya Nairobi, tukashika ya Mwatate, na baada ya Mwatate ndipo gari lilipoanza kupanda kona baada ya kona kuelekea Wundanyi.

Dereva alikuwa ametuhakikishia kwamba gari limekaguliwa, lakini katikati ya mpando maji ya rejeta yalichemka na tukasimama karibu saa nzima. Nilikasirika, Zuhura, sikufichi, maana nilikuwa nimeipangia kila saa ya siku ile kazi yake. Mama mkwe ndiye aliyeteremka, akaketi juu ya jiwe, akaanza kutuonyesha matuta yaliyochongwa mlimani kama ngazi, yamejaa kabichi, sukuma wiki na migomba, akasema kwamba kumbe mboga anazozinunua sokoni Kongowea miaka yote zinatoka mahali penye mteremko namna hii, na kwamba hatabishania tena bei ya fungu. Dereva alipomaliza kutia maji, watoto walikuwa wamekwisha kufungua mkoba wa mahamri.

Mpango wetu ulikuwa kupanda vilele viwili, Vuria kwanza, kisha Iyale. Vuria ndicho kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Taita, kinapita mita 2,200, na juu yake imesimamishwa milingoti ya kurushia matangazo. Ipo njia ya gari inayokwenda kwenye milingoti hiyo, lakini tuliliacha gari chini na kupanda kwa miguu pamoja na kijana mmoja mwenyeji aliyekubali kutuongoza. Nilihofia goti la mama mkwe. Yeye akajifunga leso kiunoni, nyingine akajitanda mabegani, akachukua bakora yake, akasema tutakwenda kwa mwendo wake au tumwache. Basi tukaenda kwa mwendo wake. Hatua ishirini, tunapumzika. Hatua ishirini, tunapumzika. Vijana wa Bi Mwanaidi, waliotaka kukimbilia kileleni, walirudi nyuma wenyewe baada ya muda, kwa sababu kila tuliposimama yule kiongozi alikuwa na la kutueleza, nao walikuwa wanalikosa.

Tulipoingia katika ukungu, binti yangu Nuru aliniuliza ni nani anayechoma taka. Hajawahi kuona wingu likipita miongoni mwa miti, na ningemlaumu kwa lipi? Hali ya hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo mahali tulipokuwa palikuwa pamepungua kiasi cha nyuzi 13 kuliko Mombasa tuliyoiacha usiku. Meno yaligongana. Lakini jambo lililonishika zaidi ni maji. Mvua haikuwa inanyesha, na bado chini ya miti ya asili ardhi ilikuwa imelowa na matone yanadondoka kutoka kwenye kuvu na majani. Kijana akatufafanulia kwamba upepo unaotoka baharini huja na unyevu wake, unapogonga milima hii hupanda na kupoa na kuwa ukungu, na miti ile huuchuja ukungu huo mpaka ukawa maji ya vijito. Hatua chache mbele, penye misonobari na mikaratusi iliyopandwa, udongo ulikuwa mkavu. Mume wangu aliinama akaushika huku na huku, kwa mikono miwili, akanyamaza.

Msitu wa asili uliobaki Taita ni vipande vipande tu, vilivyotenganishwa na mashamba. Katika vipande hivyo anaishi ndege mdogo anayeitwa apalisi wa Taita, asiyepatikana penginepo popote duniani, na ambaye sasa yumo katika hatari kubwa ya kutoweka. Tulikaa kimya kumsubiri, hata mdogo wetu wa miaka mitano. Hatukumwona. Niliumia kuliko nilivyotarajia kuumia kwa ajili ya ndege ambaye asubuhi ile sikuwa nalijua jina lake.

Kileleni Vuria hatukuona kitu zaidi ya milingoti na weupe. Watoto walivunjika moyo, kwa kuwa niliwaahidi Kilimanjaro. Mama mkwe aliswali rakaa mbili juu ya nyasi mbichi, akatugawia tende na kahawa chungu ya kwenye chupa, na nilipomuuliza kama amechoka akanijibu kwamba ana miaka 68 na leo ndiyo mara ya kwanza kuwa ndani ya wingu, nisimharakishe.

Iyale, kilicho kifupi kidogo, tulikipanda alasiri, na huko ukungu ulikuwa umeinuka. Wundanyi ilikuwa chini yetu, na mbele yake nyika ya Tsavo imetandazwa nyekundu na kijani mpaka macho yanachoka, na mlima Kasigau umesimama peke yake upande wa kusini mashariki. Tulikula hapo mkate wa sinia na viazi vya karai vilivyokwisha kupoa, na mwenyeji wetu akatuongezea kimanga alichofungiwa nyumbani kwao, muhogo uliopondwa na maharagwe. Sikumbuki chakula kilichonipendeza zaidi mwaka mzima huu uliopita. Tulifika Mombasa saa tano za usiku, watoto wamelaliana kama samaki kapuni.

Sasa nisikilize. Milima ya Taita na hiyo Usambara yenu ni ya silsila moja, Tao la Mashariki, inayoanzia hapa kwetu na kuteremka hadi Udzungwa. Unalijua lile ua la zambarau la Usambara, ambalo mbegu zake yule mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul, alizipeleka Ujerumani mwaka 1892 likaenea madirishani mwa dunia nzima. Nduguye anaota Taita, katika msitu wa Mbololo. Mbololo hatukwenda. Niliwakataza kwa makusudi, nikawaambia huo tumewekeana na Zuhura. Watoto wakifunga shule mwezi wa Agosti, vukeni mpakani Horohoro mje, mlale kwetu siku mbili, kisha twende. Utakuwa msimu wa kusi na huko juu patakuwa na baridi zaidi, kwa hiyo mje na masweta yenu, kwani ya kwetu hayatoshi na mama mkwe amekwisha kusema kwamba lake haliazimi mtu.

Msalimie shemeji na uwabusu watoto.

Nduguyo akupendaye,
Rukia