Shoga, usiwaache wakate ule mwasumini

Shoga yangu, asalamu alaykum. Mama hajambo? Watoto mafua yameisha? Sie huku Dodoma wazima alhamdulillahi, vumbi na upepo tu. Najua nimekaa kimya toka Idi, tutagombana siku tukionana.

Nakuandikia mbio mbio maana Mama Rukia kanipigia jana usiku, katika mazungumzo ndo ananiambia ukuta wa uani kwa mama unavunjwa, fundi anaanza Jumamosi. Na mwasumini je? Si umeegemea ukuta ule ule? Eti "watapanda maua mengine". Mengine yapi shoga? Usingizi haukuja.

We unakumbuka tulivyokuwa tunatumwa kuchuma vitumba kabla ya magharibi, vingali vimefumba, mama anavitandaza kwenye sahani na usiku vinafunguka vyenyewe nyumba nzima inanukia. Na vile vikuba vyake, vishada vya kunukia vya asumini, rehani na mkadi, hakuna harusi ya mtaa mzima iliyopita bila kikuba cha mama.

Mie huku wangu niliununua Dar, miaka miwili majani tu, makubwa, ya kijani, ua hata moja hakuna. Nikasingizia udongo wa Dodoma. Kumbe nilikuwa naujaza mbolea ya kuku, na hiyo inasukuma majani, halafu nimeuweka barazani kivulini, na kuukata nauonea huruma. Asumini inatoa maua kwenye machipukizi mapya, usipoukata utachanua wapi? Basi nikautoa juani, nikapunguza matawi kama theluthi, mbolea ya kuku basi, samadi ya ng'ombe ilooza kidogo tu. Ukachipua. Ukashikwa na utitiri kwa huu ukame, majani yakawa na vidoadoa, nikawa kila asubuhi nayapiga maji kwa chini mpaka wakaisha. Wiki ilopita nimechuma kumi na mbili! Nililia shoga.

Lakini wangu ni wa petali chache. Ule wa mama ndo ule wa kujikunja kama kiwaridi, na ule mbegu hautoi, unaendelea kwa vijiti tu. Mama mwenyewe kijiti alipewa na shangazi yake. Sasa ukikatwa na hakuna alochukua kijiti, ndo umekwisha, huendi kuununua popote ukawa ule ule.

Kwa hiyo nakuomba, kabla ya Jumamosi nenda na mkasi mkali. Chagua tawi lisilo changa sana wala gumu kama kuni, lile linalopindika kidogo, lisiwe na ua. Kata vijiti vya urefu wa kiganja, kila kimoja kiwe na vifundo viwili vitatu, kata chini kidogo ya kifundo, majani ya chini yatoe yote uache mawili juu. Chukua hata ishirini maana vingine vitakufa. Kumi panda hapo kwako, mchanga na mboji nusu kwa nusu, funika na chupa ya maji ilokatwa kitako, weka kivulini, udongo uwe na unyevu lakini usitote, vinaoza. Mwezi hivi au mmoja na nusu vitakuwa na mizizi, usivivute vute kuangalia! Kumi vyangu vifunge kwenye gazeti bichi, tia ndani ya mfuko wa plastiki.

Na ongea na fundi, labda shina likatwe fupi lichimbwe na udongo wake wahamishie upande wa kisimani. Kule jua lipo.

Sasa niambie, mama mwenyewe anasemaje, kaulizwa kweli au wameamua wale wakubwa? Fundi ni yule yule wa choo? Shemeji bado anavuka na boti Jumapili? Anaweza kunibebea mpaka Dar akapanda treni navyo, nami nije kumpokea stesheni hata iwe usiku? Na wewe mkasi unao? Nijibu leo leo, hata voisi.