Kanzu nyeupe si muhogo wa kuchemshwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni dobi hapa Buguruni, mwaka wa 23 huu nafua nguo za watu kwa mkono, na nyingi ni nyeupe: kanzu, mashuka, mashati ya shule. Jumamosi iliyopita ukurasa wenu wa mambo ya nyumbani uliandika kwamba nguo nyeupe zote zifuliwe kwa maji ya moto, tena yakiwa moto zaidi ndiyo bora. Ushauri huo unaniletea wateja, sikatai, ila wanakuja wamechelewa.

Baada ya Iddi el-Hajj iliyopita, mzee mmoja aliniletea kanzu yake. Alichinja mbuzi akiwa ameivaa (hilo tuliache), damu ikamrukia pindoni. Nyumbani wakaiwahi, wakaimwagia maji yaliyotoka kuchemka. Nilipoipokea, doa lilikuwa la kahawia kama chai ya rangi, limeshika mpaka upande wa pili. Damu ni kama ute wa yai: ikikutana na moto inaganda, na ikigandia ndani ya uzi wa pamba, hapo imehamia. Ilitaka maji ya baridi palepale na kufikichwa kwa vidole, basi. Maziwa ya mtoto ni hivyohivyo. Na darizi ya kifuani, ambayo ilikuwa nyekundu, ilichuja michirizi ya waridi hadi tumboni.

Moto una mahali pake, sisemi hauna. Mashuka na mataulo ya pamba tupu, hasa nyumba yenye mgonjwa, nayapa maji ya nyuzi 60 na kuyageuza kwa mti, maana mkono hauingii. Kanzu na mashati yenye jasho shingoni, nyuzi 40 zinatosha. Hizi sabuni za unga zenye vimeng'enya hula jasho na mabaki ya chakula kwenye maji ya uvuguvugu. Ukizitia kwenye maji yanayochemka, vimeng'enya vinakufa na hela yako imekwenda. Mashati ya shule ya tetroni ndiyo yasione moto kabisa, yanajikunja mikunjo ambayo pasi haiondoi.

Msomaji atauliza, nyuzi 40 nitazijuaje? Kijana wangu wa kidato cha tatu alinipigia hesabu. Maji yanayochemka ni 100, ya bomba hapa Dar tukayakadiria 28. Sufuria moja ya moto kwa nne za bomba inatoa 42. Moja kwa moja inatoa 64, na ndoo ikishakula joto lake unabaki na 60 hivi. Mimi nilikuwa nikipima kwa kiwiko miaka yote, na nilifurahi kuona kiwiko hakikukosea sana.

Neno jingine ni jiki. Ukurasa wenu ulisema itiwe kwenye maji ya moto ili ifanye kazi upesi. Jiki ni ya maji ya baridi. Motoni nguvu yake inapotea, na ule mvuke unakaba kifua. Wanaotumia maji ya kisima yenye kutu waiache kabisa, kwa sababu kutu ikikutana na jiki, shuka linatoka na manjano ambayo hata jua la Januari haling'oi.

Ile kanzu niliiloweka siku mbili kwenye maji ya baridi na sabuni ya unga. Michirizi ya waridi ilitoka. Doa la damu limepauka, lakini lipo, na mzee siku hizi anaivaa akienda bandani kwa kuku. Mkiandika tena habari hizi, nawaomba mtoe kipimo kwa sufuria. Kipimajoto sina, na wateja wangu pia hawana.

Dobi,
Buguruni, Dar es Salaam