Mbona wanyama pori bado wanaugua?

Mpendwa Rahma,

Salamu nyingi, na ahsante kwa barua yako. Unauliza: ikiwa uteuzi asilia, yaani wanaohimili mazingira kubaki na kuzaa zaidi, umewachuja wanyama kwa maelfu ya vizazi, mbona bado wako wanaokufa kwa minyoo, na wenzao wanaokula majani yaleyale wanabaki wazima? Wanyonge si wangekwisha zamani? Nitakujibu kwa kirefu, maana jambo hili nalipenda mno, na lile jibu tulilofundishwa, kwamba mwenye nguvu ndiye anayebaki, kwenye kinga ya mwili halitoshi.

Nianze na kondoo. Katika kisiwa cha Hirta, kwenye funguvisiwa la St Kilda magharibi mwa Scotland, wanaishi kondoo wa Soay wasiokuwa na mchungaji wala mnyama wa kuwawinda. Watu wa mwisho waliondolewa kisiwani mwaka 1930, na mwaka 1932 wakaletwa kondoo 107 kutoka kisiwa jirani. Tangu 1985 watafiti wanawafuatilia mmoja mmoja: nani mtoto wa nani, nani kazaa, nani kafa. Kinachowaua ni njaa ya majira ya baridi, na minyoo ya tumboni huwamalizia nguvu kidogo waliyobaki nayo. Mwaka ukiwa mbaya, zaidi ya nusu yao hufa.

Sasa sikiliza. Mwaka 2010 watafiti hao walitangaza walichokiona kwenye damu ya kondoo hawa. Wako ambao miili yao hutengeneza kwa wingi kingamwili, yaani protini za damu zinazonasa vimelea, na tabia hiyo hurithiwa. Majike wa namna hii walivuka majira ya baridi kali vizuri kuliko wenzao. Ungedhani basi watajaza kisiwa. Lakini kinga iliyo kali hivyo hushambulia pia mwili wenyewe, na wanyama wenye kingamwili hizo, madume kwa majike, walizaa kwa nadra zaidi. Mwaka wa neema, mwenye kinga ya wastani anampita mwenye kinga kali kwa watoto. Mwaka wa shida, huyo wa wastani ndiye anayekufa. Kwa hiyo uteuzi haukulala, Rahma. Unafanya kazi kila mwaka, ila unavuta huku na huku, na jeni za pande zote mbili zinabaki.

Hiyo ni sababu moja. Ya pili naiona nzuri zaidi, nayo imo katika kundi la jeni linaloitwa MHC. Jeni hizi hutengeneza protini zinazoshika vipande vya kimelea na kuvionyesha juu ya seli, ili seli za kinga zitambue kuwa adui yumo ndani. Kila toleo la jeni hushika vipande vya namna yake. Sasa toleo likishaenea kwa wanyama wengi, kimelea kinachojua kulikwepa ndicho kinachostawi, na ubora wake unageuka hasara. Toleo adimu ndilo linalopata nafasi, mpaka nalo lizoeleke. Zaidi ya hayo, mnyama aliyerithi matoleo mawili tofauti kwa baba na mama anaweza kuonyesha vipande vya aina nyingi zaidi. Ndiyo maana MHC ni miongoni mwa jeni zenye matoleo mengi kuliko zote kwa wanyama wenye uti wa mgongo.

Mfano unaonishangaza kuliko yote ni mbweha wadogo wa kisiwa cha San Nicolas, California. Jamii yao ilipata kuwa ndogo mno, hata vinasaba vyao karibu vyote vikafanana kama vya pacha. Lakini walipopimwa kwenye MHC, tofauti zilikuwapo bado! Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huu kwamba kuna nguvu inayolinda tofauti hizo zisipotee.

Usielewe kwamba uteuzi huzunguka tu bila kubadilisha kitu. Mwaka 1950 virusi vya miksoma viliachiwa makusudi Australia ili kupunguza sungura, na mwanzoni viliua karibu kila sungura aliyeambukizwa. Miaka michache tu ikapita, sungura wakaanza kuhimili. Mwaka 2019 wanasayansi walilinganisha vinasaba vya sungura wa zamani waliohifadhiwa kwenye makumbusho na vya wa sasa, wakakuta Australia, Uingereza na Ufaransa kote zimebadilika jeni zilezile, nyingi zikiwa za kinga. Virusi navyo havikukaa kimya. Baadhi vilijenga njia mpya za kuizima kinga.

Ulitaja pia shetani wa Tasmania, yule mnyama mla nyama wa kisiwa cha Tasmania, Australia. Saratani ya uso inayowaangamiza ilionekana mara ya kwanza mwaka 1996, nayo huambukizwa wanapong'atana: seli zenyewe za saratani ndizo zinazohama. Seli hizo hupunguza protini za MHC juu yake, hivyo kinga haioni cha kushambulia. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba ndani ya vizazi vinne hadi sita, sehemu mbili za vinasaba vya wanyama hao zilikuwa zimebadilika, zikiwa na jeni zinazohusiana na kinga na saratani.

Pendekezo lako la kuwazalisha waliosalimika peke yao, kisha kuwarudisha porini, nalikataa, ingawa najua limetoka moyoni. Tukichagua kwa ajili ya ugonjwa mmoja tutakuwa tumetupa matoleo ambayo yangehitajika kwa ugonjwa unaofuata, na hayo yakishapotea hakuna wa kuyarudisha. Mimi ningechukua wanyama wa sehemu mbalimbali, wakiwamo wasio na dalili yoyote ya uhimilivu, na kuwaacha wachanganyike. Ukiwa na hoja ya kupinga, iandike. Nitaisoma kwa makini.

Nisalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Zuhura