Waacheni wajawazito waingie leba na nyimbo zao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wanawake wanaonyang'anywa simu kwenye mlango wa leba. Mimi ni mkunga. Najua sababu ya katazo hilo: simu huibwa, na hakuna anayetaka kupigwa picha akiwa katika hali ile. Lakini kipande cha plasta kikibandikwa kwenye kamera, picha haipigwi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2018 kuhusu huduma za kujifungua unautaja muziki, pamoja na kupumua kwa utaratibu, kuwa njia mojawapo ya kumpa nafuu ya maumivu mama mwenye afya njema akihitaji, kwa kadiri apendavyo mwenyewe. Kifaa tayari anacho mkobani.

Mama aliyejaa hofu hukaza mwili mzima, hupumua juu juu na kuchoka mapema. Nimewahi kumhudumia binti wa uzazi wa kwanza, njia ikiwa imefunguka sentimita 5, akisikiliza kaswida kwa sikio moja. Uchungu ukipanda alishika ukingo wa kitanda, akayumbisha kiuno taratibu na kushusha pumzi kwenye kila kiitikio. Mkono wangu ulikuwa tumboni mwake nikihesabu uchungu kwa dakika 10. Tumbo lilikuwa gumu kabisa, ila mabega yamelegea. Wakunga wenzangu wanajua hilo lina maana gani: uchungu ni mkali, lakini mama hajakaza mwili kwa hofu.

Tena si jambo geni kwetu. Unyago wa pwani humfunda mwari kwa ngoma na nyimbo, na kiuno hakiachwi nyuma. Mwari huyo huyo akija kujifungua tunamtaka alale chali, kimya!

Sisemi redio ifunguliwe wodi nzima kwa matakwa ya muuguzi wa zamu. Kila mama na wimbo wake, na anayetaka ukimya apewe. Sikio moja libaki wazi amsikie mkunga. Wala muziki usiwe kisingizio cha kumnyima dawa ya maumivu au ndugu wa kumshika mkono.

Kliniki tunawatajia wajawazito vitu vya kufungasha: kanga, pedi, glovu, nguo za mtoto. Naomba waganga wafawidhi waongeze spika za masikioni kwenye orodha hiyo, na walinzi wa mlangoni waelezwe waziache zipite.

Mkunga,
Morogoro