Kwa vijana wa kazi ya Serikali, Lubumbashi: shaba ikishuka, mshahara na kiwanja chako vitakuwaje

Bana yetu, jambo yenu.

Ninawaandikia walimu, wauguzi wa hospitali za Serikali, makarani wa komini (manispaa) na ninyi mlioingia juzi juzi katika ofisi za jimbo. Mwaka 2025 shaba ilipita dola 10,000 kwa tani na mji wetu huu wa shaba, hapa Kongo, umechangamka. Ukielekea Kasapa unapishana na malundo ya matofali, na kila komisionere (dalali) ana kiwanja cha kukuonyesha. Ndiyo maana naandika sasa, kabla hamjasaini.

Katikati ya 2008 tani ya shaba ilikaribia dola 9,000. Desemba mwaka uleule ilikuwa chini ya 3,000, na viwanda vingi vidogo vya kuyeyusha vikafunga milango. Mwaka 2015 ikashuka tena chini ya 5,000, na Septemba kampuni ya Glencore ikasimamisha uzalishaji wa Katanga Mining kule Kolwezi. Kwa hiyo anayewaambia kwamba safari hii haitashuka anatafuta komisyo yake tu.

Mnauliza: mgodi ukilia, karani wa komini anahusika vipi? Sheria ya madini ya 2018 inatoza asilimia 3.5 ya thamani ya shaba inayouzwa. Robo ya ushuru huo ni ya jimbo, asilimia 15 ni ya miji, komini na sekta zinakochimbwa. Tani ikiuzwa dola 9,000, ushuru ni 315 na jimbo linapata karibu 79. Ikiuzwa 5,000, ushuru ni 175 na jimbo linabaki na 44 hivi. Kodi ya faida ndiyo mbaya zaidi, maana kampuni isiyo na faida haina cha kutozwa. Wafanyakazi ni walewale, sanduku limepungua.

Watu husema kazi ya Serikali haifi. Kweli haifi, inakonda. Hutaona barua ya kufukuzwa. Kwanza prime, ile nyongeza ya mshahara, inachelewa, kisha inasahaulika. Anayeumia mapema ni yule mwenye barua ya kuajiriwa lakini hana namba, jina lake halijaingia kwenye listi ya malipo. Hatolewi kwa sababu hakuwahi kuingizwa. Kama bado huna namba, usisaini deni lolote la nyumba, hata kama mkubwa wako anakuapia kwamba mwezi ujao utalipwa. Na weka nakala za barua zako zote nje ya ofisi, maana ofisi ikihama, mafaili hupotea.

Mwenye namba naye asicheke. Analipwa kwa faranga, na nyumba hapa zinahesabiwa kwa dola. Shaba ikileta dola chache, faranga inateleza. Mwisho wa 2015 dola moja ilikuwa karibu faranga 930; mwisho wa 2017 ilikaribia 1,600. Tuseme mtu alikuwa analipwa 186,000: noti 9 za 20,000 na chenji ya 6,000. Kwa kiwango cha kwanza alikuwa na dola 200. Kwa cha pili 116, na noti hazikupungua hata moja. Nyumba ya dola 100 kwa mwezi ilikuwa inakula nusu ya mshahara wake. Miaka 2 baadaye mwenye nyumba akihesabiwa zake, kwa mpangaji zinabaki faranga 26,000. Bunga (unga) haijanunuliwa, makala ya kupikia (makaa) hayajanunuliwa.

Basi kabla ya kukubali nyumba ya kupanga, chukua kiwango cha dola cha leo, kizidishe mara moja na nusu, halafu uone kama bado utaweza. Ukiona huwezi, tafuta ndogo zaidi. Sheria ya 31 Desemba 2015 inasema garanti (dhamana) ya nyumba ya kulala isipite kodi ya miezi 3. Anayekudai 6 mwonyeshe sheria, hata kama atakuna uso.

Tuje kwenye bei za nyumba, ambako wengi wanakosea. Mnadhani shaba ikianguka, nyumba zitauzwa rahisi siku ileile. Hapana. Kodi za kupanga huko Golf, mtaa wa wenye pesa, hulegea kwanza, kwa sababu makampuni yanarudisha wageni wao kwao na ya sous-traitance, yale yanayofanyia migodi kazi, yanavunja mikataba mifupi. Katika komini za Katuba na Kenya hapa mjini kodi hukaa palepale, pengine hata kupanda, maana waliokuwa juu wanashuka kutafuta vyumba huko. Bei ya kuuza ndiyo ngumu kusogea. Mwenye nyumba aliyezoea kusikia dola 60,000 ataendelea kutaja 60,000 miezi mingi bila mnunuzi. Bei ya kweli utaisikia kwa mtu mwenye mgonjwa hospitalini, au mwenye deni la Banque Lambert, mkopeshaji wa mtaani.

Na mtu huyo mwenye deni, msiwe ninyi. Kwa Banque Lambert unakopa 100, mwisho wa mwezi unarudisha 150. Ukichelewa mwezi mmoja zaidi ni 225, na kadi yako ya benki iko mfukoni mwake. Mtu wa namna hiyo huuza kiwanja kwa bei ya kukimbia. Likelemba, kuchangiana pesa kwa zamu, ni bora, ila angalia mnaokaa nao. Watu 10 wa dola 20 kila mmoja ni 200 kwa zamu. Lakini kama 7 wanafanya kazi ya mgodi mmoja, mgodi ukisimama likelemba yote inakufa siku moja, na wa zamu ya mwisho anabaki na daftari. Changanyeni: mwalimu, fundi, muuza samaki, muuguzi. Na hesabuni kwa dola.

Ukiwa na akiba wakati wengine wanauza, nunua, lakini polepole. Tangu sheria ya 20 Julai 1973 udongo ni wa Serikali. Unachonunua ni haki juu yake, na karatasi inayoisimamia ni sertifika, hati ya kuandikisha haki hiyo. Fishi ya kiwanja, barua ya chifu wa kwartye (mtaa) au hati ya mauzo peke yake haitoshi. Chukua namba ya kiwanja uende kadastre (ofisi ya upimaji), kisha kwa konservatere (mwandikishaji wa hati za ardhi) ukaulize ni jina la nani na kama kimewekwa rehani. Pima mwenyewe: karatasi ikisema mita 20 kwa 30, vuta kamba kutoka jiwe la mpaka hadi jiwe. Hakikisha mke au mume wa muuzaji anasaini naye, maana sheria ya familia inataka wote wawili. Kama mwenye kiwanja alikufa, wapate warithi wote, hata yule wa Kinshasa. Yale maandishi mnayoyaona ukutani, «Kiwanja hiki hakiuzwi», mengi yameandikwa na warithi ambao ndugu yao alikwisha kula pesa ya mnunuzi fulani. Lipa sehemu mkisaini kwa notere (mthibitishaji wa hati), na iliyobaki siku sertifika inapotoka kwa jina lako.

Kujenga je? Vyumba 2 vyenye manjanja (mabati) ni bora kuliko 6 vilivyoishia kwenye madirisha. Mvua inaanza Novemba mpaka Aprili, na ukuta wa matofali mabichi usio na paa haumalizi masika mawili. Unayeyuka kuanzia juu, kisha pembe zinaachana. Nunua manjanja kabla ya kuinua ukuta, kwa sababu yanauzwa kwa dola na faranga yako inaoza ukiihifadhi. Saruji usiirundike, inaganda kwenye mifuko. Nunua ya wiki ile tu.

Wazee wenu wa Gécamines, kampuni ya Serikali ya shaba, walikuwa wanasema «kazi njo baba, njo mama», na wengi walilala nyumba za kampuni. Mwaka 1986 ilitoa tani za shaba karibu 476,000. Mwaka 1994 hazikuzidi 30,000 na kidogo. Mwaka 2003 zaidi ya 10,000 waliondoka kwa «départs volontaires» (kuondoka kwa hiari) na malipo ya mara moja. Wanaoishi bado wapo hapa Lubumbashi, na wengine ni majirani zenu. Kabla hujasaini, nenda jioni uwaulize ile pesa iliishia wapi, na nani alikuwa na sertifika.

Mzee wenu,
Katuba, Lubumbashi