'Denial' sio tusi la kumzibia mtu mdomo

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako nami nitoe la moyoni, maana hili neno la Kiingereza 'denial', yaani kukataa kuukubali ukweli, naona limeshageuka tusi, huku mitandaoni ndio usiseme na hata magazetini limeingia. Shabiki wa Yanga akisema refa katuonea anajibiwa yuko kwenye denial, mgombea akipinga matokeo yuko kwenye denial, binti kaachwa na mchumba bado anasubiria simu basi wenzake wanamcheka, we shoga uko kwenye denial. Huyo binti angalau wamempatia. Wale wengine wawili wanabisha tu, na mtu anaweza kubisha akawa na haki yake kabisa.

Kwenye kazi yetu ya unasihi denial ni pale ukweli umeshafika, mtu kauona kwa macho yake, ila moyo haujawa tayari kuupokea kwa sababu akiupokea leo itabidi maisha yake yote ayapange upya, ndoa, watoto, kazi, kila kitu. Sio uongo. Muongo anaujua ukweli anakuficha wewe, huyu anajificha mwenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini pale walikuwa wanamsema anayeficha watu, huyu wa kujificha nafsi yake anahitaji msaada mwingine kabisa. Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa akili aliyekaa sana na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa kule Marekani, mwaka 1969 alieleza kwamba hiyo ndio hatua ya kwanza, halafu inakuja hasira, kisha kuombaomba mapatano na Mungu, huzuni nzito, mwisho kukubali, ingawa sio kila mtu anazipita zote wala kwa mpangilio huo. Cha muhimu ni kwamba hiyo hatua ya kwanza ina kazi yake, inampa mtu nafasi ya kupumua kabla hajabeba mzigo.

Nimekaa na watu wengi wakipewa majibu ya VVU. Kuna dada mmoja, mfanyabiashara wa sokoni, alikiangalia kile kipimo, mistari miwili imetokea, akaniambia "Dada, mimi ni mtu wa sala, hicho kipimo chenu kibovu." Akaenda kupima kwingine, majibu yale yale, akaenda na sehemu ya tatu. Dawa alichukua akazihamishia kwenye kichupa cha vitamini na hamezi hata kimoja, ila kila mwezi tarehe yake ikifika anakuja CTC, kliniki yetu ya dawa za VVU, na kadi yake kuchukua zingine, na hakosi. Hebu mtu afikirie hapo, anasema haumwi halafu anafunga biashara yake nusu siku anakuja kupanga foleni ya dawa, yaani ndani kabisa anajua. Sasa huyo ukimwambia uko kwenye denial kwa ile sauti ya mitandaoni umeshampoteza, kesho haji. Sisi tulikuwa tunaongea habari za sokoni, bei imepanda imeshuka, watoto wanaendeleaje shule, kila akija namweleza kwa kifupi dawa inafanya nini basi, mpaka siku moja mwenyewe akauliza hivi nikianza leo zile za mwanzo bado zinafaa au zimeisha muda. Akaanza siku hiyo hiyo.

Ila kuna mwingine ambaye kwake sina huo uvumilivu, naye ni mwenye madaraka. Vijana wengi hawaijui habari ya Afrika Kusini. Mwaka 2000 Rais Thabo Mbeki aliunda jopo la kujadili UKIMWI akawaweka na watu kama Peter Duesberg, profesa wa California aliyekuwa anasema VVU havisababishi UKIMWI, wakati huo watu wanazikwa kila wikiendi. Mwezi wa saba mwaka huo huo, mkutano wa dunia wa UKIMWI ukafanyika kwake mwenyewe, Durban, na wanasayansi na madaktari zaidi ya 5,000 wakawa wamesaini tamko kwamba ushahidi uko wazi. Pale jukwaani akasimama Nkosi Johnson, mtoto wa miaka 11 aliyezaliwa na virusi, akaiomba serikali iwape wajawazito AZT, dawa ya kupunguza makali ya VVU, ili watoto wao wasizaliwe kama yeye. Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, akafariki. Waziri wa afya, Manto Tshabalala-Msimang, akawa anahubiri vitunguu saumu, malimau na bitiruti, na wanaharakati wa Treatment Action Campaign wakaipeleka serikali mahakamani na mwaka 2002 Mahakama ya Katiba ikaamuru akina mama wapewe nevirapine, dawa ya kuzuia mama asimwambukize mtoto. Watafiti wa Harvard walikuja kupiga hesabu mwaka 2008 wakakadiria watu zaidi ya 330,000 walikufa kati ya 2000 na 2005 kwa sababu dawa zilicheleweshwa.

Mbeki alikuwa anazungumzia umasikini, na umasikini kweli unaua, hilo sibishi. Lakini yeye alikuwa na wataalamu, alikuwa na ripoti mezani, na gharama ya kukataa kwake hakuilipa yeye. Mkimuweka kwenye neno moja na yule dada wa sokoni mnamsamehe bure. Wapo waliouma meno wakasema, Kaunda wa Zambia mwaka 1987 alisimama akatangaza kwamba mwanae kafa kwa UKIMWI, na Mandela mwaka 2005 akafanya hivyo hivyo, kwa hiyo haikuwa kitu kisichowezekana kwa kiongozi wa Afrika.

Na sisi huku Kagera tusijisahau. Wagonjwa wa kwanza nchini walionekana huku mwaka 1983, watu wakauita ugonjwa Juliana kwa jina la kitambaa kilichokuwa kinaletwa kutoka Uganda, wengine wakasema ni kurogwa. Mwanzoni ilikuwa kutojua, na kutojua sio denial. Ila tulipokuja kujua bado kwenye misiba tukawa tunatangaza marehemu kaugua kifua, kaugua malaria, kijiji kizima kinajua na kijiji kizima kinaitikia. Hiyo ndiyo yenyewe, na haijaisha mpaka leo, wakati dawa sasa hivi kwa wengi ni kidonge kimoja kwa siku na mtu akimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Ombi langu Mhariri, kiongozi yeyote akikataa takwimu za ugonjwa, waandishi wako wasiishie kuandika yuko kwenye denial kama vile ni wa kuonewa huruma, waandike kakataa ushahidi gani, alionyeshwa na nani na lini. Na kwenye ukurasa wa afya tafuteni nafasi muwaeleze watu cha kumwambia ndugu aliyepima jana na leo anasema kipimo kibovu, mimi na wanasihi wenzangu tuko tayari kuwaandikia bila malipo.

Mnasihi, Bukoba