Shukrani kwa mama wa jiko la mkaa, Tanga

Usiku wa kuamkia Idi gesi iliniishia visheti vikiwa nusu karaini. Watoto wanne wamezunguka meza, mikono imejaa unga, na mdogo ameshaanza kulia. Nikakimbia dukani, nikakuta pamefungwa.

Mama mmoja aliyekuwa akipita akaniuliza kulikoni. Sikuwa namjua. Akarudi kwake, akaja na jiko la mkaa tayari limewaka, kalibeba kwa matambara mawili. Hakuishia hapo. Alikaa nasi karibu saa mbili. Aliwaonyesha watoto kukandamiza kidonge cha unga mgongoni mwa uma kisha kukiviringisha taratibu, kitoke na mistari kama kombe la pwani. Mkaa ulipopungua moto, aliwakatia karatasi za rangi waunganishe minyororo ya kupamba mlango.

Shira ndiyo huwa inanishinda. Alichovya kijiko, akagusisha vidole viwili, akavitenga: "Mwanangu, subiri uzi uvutike." Ulipovutika akamwagia visheti, akageuza bila kupumzika mpaka sukari ikakauka nyeupe, harufu ya iliki nyumba nzima.

Nilimfungia sahani, akachukua viwili tu. Asubuhi nikagundua sikumuuliza hata jina, na jiko lake bado liko kwangu.

Mama, Mwenyezi Mungu akulipe. Anayemfahamu amfikishie salamu zangu. Na wewe mwenye jirani aliyeelemewa na maandalizi ya sikukuu, mgongee hodi mapema, watoto wake wasubiri nawe.